Mifupa ya msichana hupenda kurukaruka

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama kijiti, kwamba ukishakomaa basi. Sivyo. Mfupa ni kiungo kilicho hai, ambacho hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Msichana anapofikisha miaka 18 huwa amekwisha kuweka kiasi cha asilimia 90 ya madini ya mifupa yake. Baada ya miaka 30 akiba hiyo huanza kupungua pole pole, na hedhi inapokoma hupungua kwa kasi. Ndiyo sababu nyanya akiteleza tu bafuni huweza kuvunjika nyonga.

Je, ni mazoezi gani hujaza akiba hiyo?

Tuanze na kazi inayojulikana sana huku Nyanza. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake kuhusu akina mama Waluo, ambao hubeba mizigo utosini, na Wakikuyu, ambao huifunga kwa ukanda kichwani. Walionekana kubeba hadi humusi ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Kwa mwanamke wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Mtungi wa maji wa lita 20 umepita kipimo hicho.

Mwendo huo wa madaha huokoa nguvu za mwili, lakini mfupa hutaka kitu kingine: kishindo. Mguu unapotua kwa nguvu, chembe za mfupa hupata habari kwamba kazi imezidi, nazo huongeza madini. Kwa hiyo netiboli, voliboli, soka, kuruka kamba na hata bladda ni dawa. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza kwamba wasichana wa chuo walioruka juu mara 10 tu kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa miezi 6, waliongeza unene wa mifupa ya nyonga na kiuno.

Kuinua vitu vizito pia husaidia, lakini pale misuli inapovuta. Mchezaji wa tenisi huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono ushikao raketi.

Kuogelea na kuendesha baiskeli ni mazoezi mazuri ya moyo na mapafu. Hata hivyo mifupa hufaidika kidogo, kwa kuwa maji au kiti hubeba uzito wako. Muogeleaji wa Dunga na aruke kamba pia.

Usizidishe. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo huweza kukosa hedhi, na hapo mifupa hukonda badala ya kunenepa. Hedhi ikipotea miezi 3, muone daktari. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi 3 nayo hupunguza madini ya mifupa inapotumiwa, ingawa mengi hurudi ukiiacha. Usiiache kwa hofu. Zungumza na muuguzi wako.

Mwisho, kishindo bila chakula ni kazi bure. Kula omena wakiwa wazima na mifupa yao, kunywa maziwa au mala, ongeza sukuma wiki. Jua la Kisumu halina bei.

Dada, akiba ya uzeeni huwekwa sasa.