Unyenyekevu na Haki Mbele za Mungu katika Mafundisho ya Kanisa Katoliki

Utangulizi

Mara kwa mara husikika mimbarani kwamba sisi Walutheri twahesabiwa haki kwa neema, ilhali Wakatoliki hujitafutia haki kwa matendo. Usemi huo ni mwepesi kukumbukwa, lakini je, ni wa kweli? Swali hili si la wasomi peke yao. Katika sehemu nyingi za Tanzania, hasa Kilimanjaro, ukoo mmoja huwa na Walutheri na Wakatoliki, na mchungaji asimamapo mazishini husikilizwa na pande zote mbili. Amri ya nane, ambayo Walutheri na Wakatoliki huihesabu kwa namba ileile, hukataza kumshuhudia jirani uongo. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliieleza kuwa yatudai pia kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Makala hii yakusudia kueleza kile ambacho Kanisa Katoliki linafundisha juu ya unyenyekevu na haki, kisha kuonyesha mahali tofauti ya kweli ilipo.

1. Unyenyekevu ni nini?

Mwalimu mkuu wa Kikatoliki katika jambo hili ni Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Kwake unyenyekevu si kujidharau wala kukana vipawa ambavyo mtu amepewa. Shina lake ni kumcha Mungu. Thomas afundisha kwamba ndani ya kila mtu yamo mambo ya namna mbili: yaliyo ya mtu mwenyewe, nayo ni upungufu wake, na yaliyo ya Mungu, nayo ni kila jema alilo nalo. Basi mnyenyekevu ni yule ajuaye kupambanua hayo mawili. Mtume Paulo aliuliza jambo hilohilo katika 1 Wakorintho 4:7: mtu ana nini asichokipokea?

Je, unyenyekevu ndio msingi wa wokovu? Thomas ajibu kwa uangalifu. Unyenyekevu hutangulia kwa maana ya kuondoa kizuizi, yaani kiburi. Lakini hatua ya kwanza ya kumkaribia Mungu ni imani. Twaweza kusema kwamba mkulima aliyefyeka magugu hajapanda bado, wala kufyeka kwake hakuzai mbegu.

Upambanuzi huo haukulindwa siku zote. Mwishoni mwa Zama za Kati walikuwako walimu, miongoni mwao Gabriel Biel aliyefariki mwaka 1495, waliofundisha kwamba mtu akitenda yaliyo katika uwezo wake, Mungu hatamnyima neema. Luther alilelewa katika mafundisho hayo. Katika mihadhara yake ya kwanza juu ya Zaburi (1513–1515) aliupa unyenyekevu nafasi kubwa sana. Baadaye alitambua hatari iliyomo: mtu aweza kuugeuza unyenyekevu wake kuwa fedha ya kununulia neema, kisha akakosa amani asijue kama amejinyenyekeza vya kutosha.

2. Mtaguso wa Trento

Jibu rasmi la Kanisa Katoliki kwa Matengenezo lilitolewa na Mtaguso wa Trento tarehe 13 Januari 1547, katika hati yenye sura 16 na kanuni 33. Wengi wetu twazijua kanuni zinazotupinga sisi, lakini kanuni ya kwanza kabisa yamhukumu mtu asemaye kwamba binadamu aweza kuwa mwenye haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe, pasipo neema iletwayo na Yesu Kristo. Sura ya nane yaongeza kwamba hakuna chochote kitanguliacho kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachostahili neema hiyo. Na sura ya mwisho, izungumzayo thawabu ya matendo mema, yamkataza Mkristo kujitumainia au kujisifu ndani ya nafsi yake badala ya Bwana.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo Walutheri hulishuku sana, yaani mastahili. Wakatoliki hulieleza kwa kufuata fundisho la Augustino wa Hippo: Mungu ayavikapo taji mastahili ya watakatifu wake, huvika taji karama alizowapa yeye mwenyewe. Kwa fundisho hilo mastahili si deni ambalo Mungu analipa kwa mfanyakazi aliyejitegemea; ni tunda la neema, ambalo Mungu kwa wema wake ameahidi kulithawabisha.

Mfano ulio wazi ni Teresia wa Lisieux, mtawa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24. Katika sala ya kujitoa kwake ya mwaka 1895 alisema kwamba atafika mbele za Mungu mikono mitupu, bila kuomba matendo yake yahesabiwe, kwa kuwa haki yetu yote ina mawaa machoni pa Mungu. Akaomba avikwe haki ya Mungu mwenyewe. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Tena, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yaifunga sehemu yake ihusuyo mastahili kwa maneno ya sala hiyo. Kwa hiyo sala ya mikono mitupu imepewa nafasi katika kitabu rasmi cha mafundisho.

3. Tofauti zilizobaki

Haitupasi, hata hivyo, kusema kwamba hakuna tofauti. Kwanza, Trento yafundisha kwamba haki humiminwa moyoni, na mtu hufanywa mwenye haki kweli kweli. Sisi twasisitiza haki ya Kristo iliyo nje yetu, ambayo twahesabiwa kwa imani. Pili, Luther alifundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uleule. Trento, katika hati ya mwaka 1546, yakubali kwamba tamaa hubaki baada ya ubatizo, lakini yakataa kuiita dhambi kwa maana kamili ya neno. Tatu, Trento yakana kwamba mtu aweza kujua kwa hakika ya imani isiyokosea kuwa amekwisha kupata neema. Kwa Mkatoliki tahadhari hiyo ni sehemu ya unyenyekevu. Kwa Mlutheri unyenyekevu ni kumsadiki Mungu aahidipo, hata dhamiri ikishitaki.

Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani yalitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya Fundisho la Kuhesabiwa Haki. Pande zote mbili zilikiri kwamba twakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu. Tamko halikufuta tofauti zote. Lilisema kwamba hukumu za karne ya 16 hazilihusu fundisho la upande wa pili kama lilivyoelezwa humo. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, Waanglikana waliukubali msingi wake mwaka 2016, na Makanisa ya Kirefomati yakajiunga mwaka 2017.

4. Farisayo na mtoza ushuru

Andiko liunganishalo haki na unyenyekevu kuliko mengine ni Luka 18:9–14. Na tuangalie neno moja ambalo wahubiri hulipita upesi: Farisayo alianza kwa kushukuru. Hakusema kwamba amejifanya mwema kwa nguvu zake. Wema wake aliurudisha kwa Mungu. Kwa maneno, fundisho lake juu ya neema lilikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kwamba alihitaji mtu wa kumdharau ili ajione mwenye haki, naye akampata karibu, amesimama mbali kidogo.

Hatari hiyo haichagui dhehebu. Mkatoliki aweza kuyahesabu mafungo na novena zake. Mlutheri aweza kulihesabu fundisho lake, akashukuru kwamba yeye si kama Wakatoliki hawa wategemeao matendo. Akisema hivyo, amelifanya fundisho la neema kuwa tendo la kujisifia, naye hana la kumzidi Farisayo.

Hitimisho

Yatupasa basi tuhubiri kuhesabiwa haki kwa imani bila kupunguza neno, na tofauti zetu na Kanisa Katoliki tuzitaje kwa usahihi: juu ya haki iliyo nje yetu, juu ya dhambi ibakiyo, na juu ya hakika ya wokovu. Lakini tusiseme kwamba jirani zetu hufundisha wokovu wa kujinunulia, maana Kanisa lao lilikwisha kuukataa mwaka 1547. Katika Misa, kabla ya kupokea Komunyo, padre na waumini hukiri pamoja kutostahili kwao kwa maneno ya akida wa Mathayo 8:8. Mchungaji awezaye kuwaeleza hivyo washarika wake atakuwa ameishika amri ya nane, wala hatakuwa ameipunguza Injili.