Kilomita 60 za Maji, Kilomita 1,000 za Barabara

Ukisimama ufukweni mwa ziwa, Mbamba Bay, asubuhi iliyotakata, ng'ambo unaiona milima ya Malawi. Huko iko Nkhata Bay, kilomita 60 na ushei kwa mstari ulionyooka. Sasa jaribu kwenda kwa gari: Mbinga, Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, uteremke hadi Kasumulu, uvuke Mto Songwe, kisha Karonga na Mzuzu. Utakuwa umemaliza kama kilomita 1,000, na mwisho wa safari unatazama ziwa lile lile.

Kwa hiyo mtu akiuliza "ni mbali kiasi gani?", muulize kwanza anasafiri na nini.

Mstari ulionyooka ni umbali wa rubani, na kuukadiria si kazi. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ya longitudo, huku kwetu, ni kama 109. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay unashuka theluthi ya digrii kwenda kusini na robo kwenda magharibi. Ile hesabu ya pembetatu ya sekondari, ambayo wengi tuliapa haitatufaa kitu, inakupa kilomita 46 hivi. Lakini lami ni kilomita 66. Zile 20 hakuna mkandarasi aliyezila: barabara inatoka mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na kuteremka hadi ziwani, kwenye mita 470 hivi. Hapo dereva hunyamaza, masikio ya abiria yanaziba na kuzibuka, na kila kona ina kona yake nyuma.

Dar es Salaam hadi Songea, angani, ni karibu kilomita 590. Kwa barabara ya Makambako ni kama 950. Ndege ya pangaboi ikienda kilomita 600 kwa saa, utasema saa moja basi. Haiwi hivyo. Kuna dakika za kutambaa uwanjani, kupanda taratibu, kupunguza mwendo na kujipanga kutua. Dakika hizo hulipwa mara moja tu, safari iwe fupi au ndefu, ndiyo maana safari fupi huonekana ghali kwa muda. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,075 hivi, karibu mara mbili ya Dar na Songea, lakini muda wa kuruka hauongezeki mara mbili.

Kichekesho kinakuja ukishatua. Kutoka Songea hadi Mbamba Bay zimebaki kilomita 165 hivi tu, nazo hula muda mrefu kuliko anga lote ulilovuka. Na kwenye maji kilomita hazisemi chochote mpaka umejua mwera unavumaje na meli itatia nanga bandari ngapi.

Zamani maji yalishinda hata habari. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa hadi Liuli, wakati huo Sphinxhafen, ikaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani alikasirika, akaenda kwa mashua ndogo kumuuliza mwenzake wa Gwendolen, rafiki yake wa siku zote, kama amelewa. Habari kwamba vita imeanza ilikuwa haijamfikia.