UZI: "Maji yamepimwa, yako salama." Sawa, lakini yalipimwa lini?

1/ Mjadala wa migodi huku Pwani ukifika kwa maji, mmoja anasema "yameharibiwa", mwingine "yamepimwa, yako salama". Wote wanapigiwa makofi, na hakuna aliyeulizwa kitu. Mimi nasomea siasa, si miamba, lakini maswali ya kuuliza si magumu. Haya, twende.

2/ Mtu wa Likoni inamhusu nini? Sehemu ya maji ya Likoni hutoka visima vya Tiwi, Kwale. Kwale hiyo hiyo ndiko Base Titanium ilichimba kuanzia 2013 mpaka Desemba 2024, madini yakipakiwa melini Likoni. Sisemi mgodi umeharibu visima. Nasema maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa kaunti.

3/ Swali la kwanza: KIASI. Mgodi ule ulitegemea bwawa la Mukurumudzi, ukaongezea maji ya visima. Yeyote akivuta maji kuliko mvua inavyorudisha, visima hushuka, na karibu na bahari maji ya chumvi husogea ndani. Kwa hiyo maji yanaweza kukosa sumu na bado usiyapate, ama yasinyweke.

4/ Swali la pili: WAMEPIMA NINI? Vijidudu vya kinyesi kwenye kisima cha Kisauni, kwanza shuku vyoo vya shimo. Kwa mgodi unaangalia metali nzito, asidi, chumvi na tope. Ukichanganya hayo, utamlaumu asiyehusika na mwenye kosa apite.

5/ Swali la tatu: KABLA. Kipimo cha leo pekee hakitoshi. Tunataka cha kabla ya kuchimba, cha masika na cha kiangazi, na cha kisima kilicho mbali na mgodi, tulinganishe.

6/ Si kuombaomba. Katiba, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Cha 35, haki ya kupata habari. Ripoti za mazingira ziulizwe NEMA, vibali vya kuvuta maji Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

7/ Mgodi umefungwa, lakini maji ya chini hutembea polepole. Madhara, kama yapo, yanaweza kuonekana miaka baadaye. Mgombea akija kwenu, muulize hili: nani anapima sasa, kwa pesa za nani, na majibu yanabandikwa wapi?