Barua ya Mapenzi Yenye Mashahidi Wanne

Ukipanda matatu ya Jogoo Road, makanga atakuuliza kama unashuka soko la Burma, nawe utashuka, ununue nyama yako na kwenda zako. Burma ile nyingine, ya mapigano ya Vita vya Pili vya Dunia, tunaijua kijuujuu kutoka shuleni. Mimi kilichonikalia kooni ni barua za askari wetu waliokuwa huko.

Mchukue kijana wa jeshi la King's African Rifles (KAR) aliyeacha mpenzi Pumwani, Nairobi. Ni mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iko bonde la Kabaw, Burma. Mvua haina mchana wala usiku, malaria inaangusha watu kama risasi, chakula kinadondoshwa na ndege. Kijana hajui kuandika. Anamtafuta mwenzake aliyepitia misheni, wanachutama chini ya turubai, na hapo ndipo analazimika kutamka kwa sauti yale ambayo mwanamume humwambia mwanamke wakiwa wawili tu. Huyo ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni ofisa wake Mzungu, asomaye kabla ya barua kuondoka kambini na kufuta jina la mahali. Wa tatu ni mkaguzi wa barua aliye mbali na vita, mwenye kalamu na daftari. Barua ikifika Majengo, huko Pumwani, na binti naye hajasoma, inabidi abishe hodi kwa jirani: wa nne huyo. Sasa niambie, huba gani itapita katika masikio hayo yote ikiwa bado na joto? Nashuku ndiyo maana barua zetu za kale zilijaa salamu. Salamu hazimwaibishi mtu.

Waruhiu Itote, ambaye baadaye Kenya ilimjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alijiunga na KAR mwaka 1942 na kupelekwa huko huko Burma. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1967 anaeleza maisha ya mstari wa mbele bila makeke: risasi zilipovuma, majivuno ya Wazungu yaliyeyuka, wote walikunywa chai ile ile, wakatumia maji na vyoo vile vile, wakacheka utani ule ule. Kisha anasimulia jinsi Mwingereza mmoja alivyomweleza kwamba yeye akifa atakuwa amefia nchi yake, lakini Itote akiuawa pale, nchi yake itakuwa imepata nini? Jambo hilo lilimchoma. Kule Calcutta akakutana na Mmarekani mweusi aitwaye Stephenson, naye akazidi kumchokonoa akili. Ni sauti ya mtu anayeamka, na wanahistoria wameishikilia kwa haki. Ila nikimsoma najikuta nikitaka kumuuliza neno dogo zaidi: usiku, baada ya chai na utani, mlimtaja nani?

Maana hofu ya nyumbani iliwatafuna askari. Walipeleka malalamiko kwa maofisa, na maofisa kwa mkuu wa wilaya, yaani DC, ili achunguze kama mke fulani bado ametulia. Mapenzi yakawa kazi ya serikali.

Wengine hawakufika hata vitani. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa na wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Siku saba baadaye, baadhi ya abiria wakitazama tamasha ndani ya meli, nyambizi ya Japani iliipiga. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Ili kuiwinda nyambizi hiyo, manowari za Uingereza zilitupa mabomu ya kina palepale manusura walipokuwa wakiogelea. Watu 1,297 walikufa. Hilo nalo, nani alimwandikia binti wa Pumwani? Mke alikuwa na DC wa kumuuliza. Mchumba alikuwa na nani?

Ripoti za wale wakaguzi wa barua zimehifadhiwa katika nyaraka za serikali. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kinachosomeka leo cha mioyo ya askari ni kile mkaguzi alichoona kinafaa kunakiliwa: mashaka, manung'uniko, fununu za siasa. Na majibu, yale yaliyotoka Majengo kwenda Burma, yaliishia mfukoni mwa nani?