Injini Hufa kwa Joto Kabla ya Kufa kwa Uzee

Mai Mahiu, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji ya moto. Jina hilo madereva wanalifahamu vema, kwani hapo ndipo barabara itokayo Naivasha huanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, nayo hupanda zaidi ya mita 400. Si ajabu kuona gari kuukuu limesimama kando ya njia, boneti imefunguliwa, mvuke unatoka, na mzigo wa kabeji unanyauka juani. Mwenye gari huulaumu mlima, au huulaumu uzee wa gari lake. Lakini mara nyingi kosa lilitendeka asubuhi, kabla gari halijatoka nyumbani.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kujua kwanza kazi ya injini. Ndani ya silinda mna pistoni, ambayo hupanda na kushuka kama mchi katika kinu. Katika injini ya petroli kazi hiyo ina hatua nne. Kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa na petroli. Pili, hupanda na kuvishindilia mahali padogo. Tatu, plagi hutoa cheche, petroli huwaka, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya namna hii mwaka 1876, na hatua zake hazijabadilika. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Huishindilia hewa hata ikapata joto la kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa ndani.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa kila sekunde. Katika joto hilo lote, kiasi cha theluthi moja tu ndicho kinacholisukuma gari. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi, na nyingine sharti iondolewe na maji. Pampu huyazungusha maji kando ya silinda, kisha huyapeleka kwenye rejeta, ambako upepo wa feni huyapoza. Oili nayo hukaa kama utando mwembamba kati ya vyuma ili visisagane, tena huchukua joto mahali ambapo maji hayafiki.

Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini penye urefu wa mita 2,000 huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kwa sababu hiyo kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kibane sana, ili maji yawe chini ya shinikizo yasichemke upesi. Kifuniko kikichakaa, mpira ukivuja, au mkanda ukilegea, gari litakwenda vizuri penye tambarare na kushindwa mlimani. Maji matupu ya mtoni nayo huleta kutu na kuziba njia za rejeta. Ni heri kutumia dawa ya kupozea ambayo madereva huiita kulanti.

Mshale wa joto ukipanda, dereva asiseme, "Nifike kwanza kileleni." Asimame mahali pa salama na kuzima injini. Akiendelea, kichwa cha injini hupinda, gasketi huungua, maji huingia katika oili, na oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Hapo fedha za mavuno huishia kwa fundi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, azime mara moja, kwa maana vyuma vimekwisha kuanza kusagana.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mtu mwenyewe. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Shinikizo likitoka ghafula, maji yote huchemka papo hapo na kuruka usoni. Watu wamepoteza macho kwa haraka hiyo. Na angoje mpaka rejeta iwe baridi mkononi, kisha akizungushe kifuniko polepole kwa kitambaa kinene. Wala asimimine maji baridi katika injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka.

Kinga ya haya yote ni dakika tano za asubuhi. Gari likiwa mahali palipo sawa na injini ikiwa baridi, atazame maji. Achomoe kijiti cha oili, akipanguse, akirudishe, na kuona kama oili iko kati ya alama mbili. Aubonyeze mkanda kwa kidole. Mwisho ainame atazame chini ya gari kama kuna kilichodondoka usiku.

Mkulima hasahau kumnywesha ng'ombe wake kabla ya kumkamua. Gari halilii kwa kiu kama ng'ombe, kwa hiyo ni juu ya mwenyewe kukumbuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.