Juu ya Neno "Kumnunua" Mchezaji

Waandishi wa habari za kandanda husema klabu "imemnunua" mchezaji, kana kwamba ni bidhaa. Zamani huko Ulaya neno hilo halikuwa mbali na ukweli. Mkataba wa Jean-Marc Bosman na RFC Liège ya Ubelgiji ulikwisha mwaka 1990. Hata hivyo alizuiwa kuhamia Dunkerque, maana Liège ilishuku kama ada yake italipwa. Tarehe 15 Desemba, 1995, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba raia wa Umoja wa Ulaya, mkataba wake ukiisha, aweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja bila ada. Basi kinachouzwa ni muda uliobaki katika mkataba. Lakini kiambishi -m- chaendelea kumtaja mtu. "Kumsajili" ni adilifu zaidi, ila huficha fedha.