Jogaila: Ubatizo na Taji

Tukisoma habari za wafalme waliobatizwa pamoja na watu wao, twajiuliza: je, ni imani au ni siasa? Jogaila, Mtawala Mkuu wa Lithuania, aliahidi huko Krewo mwaka 1385 kuipokea imani ya Kanisa la Roma ili aozwe Jadwiga, aliyekwisha kutawazwa Poland. Tarehe 15 Februari 1386 alibatizwa mjini Kraków kwa jina la Władysław. Siku tatu baadaye akamwoa binti huyo, mwenye umri wa miaka 12 tu (jambo linalotuhuzunisha), na tarehe 4 Machi akavikwa taji. Mwaka 1387 aliwaamuru Walithuania wabatizwe.

Shirika la wapiganaji wa Kitutoni, lililokuwa likiipiga Lithuania kwa jina la Msalaba, liliutilia shaka ubatizo huo, wala vita havikukoma. Mwaka 1410 lilishindwa huko Grunwald. Kisha, katika Mtaguso wa Konstanz, Paulus Vladimiri, mjumbe wa mfalme huyo huyo, alitetea kwamba wapagani wana haki ya nchi yao, na kwamba imani hailazimishwi kwa upanga.

Jadwiga alifariki mwaka 1399 bila kuacha mtoto. Mumewe alitawala hata mwaka 1434.